Kiongozi wa Jangwani na Bei Yake

Safari za jangwani siku hizi huuzwa kwa kuhesabu siku. Mbili Merzouga, pembeni mwa Sahara ya Morocco. Tatu Wadi Rum, kusini mwa Jordan. Nne kwenye mchanga wa Sharqiyah nchini Oman. Saba au zaidi kwa anayetaka kupanda uwanda wa Tassili n'Ajjer kule Algeria. Mnunuzi naye hupima kwa kipimo hichohicho: hema lina kitanda au halina, chakula ni cha namna gani, ngamia ni wa kusafiria au wa kupigia picha, na je, kwa fedha hizo asingepata hoteli nzuri ya ufukweni akaoga kila siku? Hesabu hiyo ina haki yake, ila inapima kilicho rahisi kuhesabika. Watu wamelipa kuvushwa jangwa kwa karne nyingi, na ukifuatilia fedha zao zilinunua nini utakuta kwamba hema na mnyama vilikuwa vitu vidogo. Walilipia ujuzi wa mtu anayeisoma ardhi, na pamoja na ujuzi huo walilipia heshima aliyokuwa nayo kwa watu wanaomiliki visima. Ninachodai ni kwamba safari ya siku kadhaa na kiongozi inastahili gharama yake pale mambo hayo mawili yanapokuwa bado yako kazini, na haistahili pale yalipokwisha kuondolewa hata kama godoro ni laini. Historia ya kazi ya kiongozi ndiyo inayonifanya niseme hivyo, wala si mapenzi ya mandhari.

Shahidi wa kale aliye wazi kuliko wote ni Ibn Battuta wa Tangier, ambaye wasomaji wa pwani yetu wanamfahamu kwa kuwa alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mwanzoni mwa 1352 aliondoka Sijilmasa, kusini mwa Morocco, pamoja na msafara wa wafanyabiashara waliokuwa wakienda Mali. Baada ya siku 25 walifika Taghaza, kijiji cha machimbo ya chumvi kisicho na mti hata mmoja, ambako nyumba na msikiti vilijengwa kwa mabao ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Kutoka hapo waliingia kwenye sehemu ngumu zaidi. Walipofika kituo cha Tasarahla walipumzika, wakaziba viriba vyao, kisha wakamwajiri mtu wa kabila la Massufa atangulie peke yake hadi mji wa Walata. Alibeba barua za wasafiri kwa jamaa zao wa huko, ili wawatafutie nyumba na watoke na maji kuwalaki, mwendo wa siku nne kutoka mjini. Asiye na jamaa alimwandikia mfanyabiashara wa Walata mwenye sifa ya ukarimu, naye akamjumuisha. Ilitokea mara nyingine mjumbe akafia njiani. Hapo watu wa Walata hawakujua kwamba kuna msafara unakuja, na wasafiri waliangamia wote au wengi wao.

Ujira wa mtu huyo ulikuwa mithkali 100 za dhahabu, yaani zaidi ya gramu 400. Tuuweke kwenye bei za siku zile, kwa kuwa Ibn Battuta mwenyewe ametuachia kipimo: mzigo wa ngamia mmoja wa chumvi uliuzwa Walata kwa mithkali nane hadi kumi. Kwa hiyo msafara ulitoa thamani ya mizigo kumi au zaidi ya chumvi kwa mtu ambaye hakubeba shehena, hakuleta ngamia wa kukodisha, na ambaye kwa siku nyingi hata hakuwa pamoja nao. Wafanyabiashara wale hawakuwa wajinga wa hesabu. Walijua kwamba kati ya mali yao na Walata kulikuwa na pengo ambalo ngamia hata mia wasingeliziba, na kwamba kilichoweza kuliziba ni mtu anayejulikana pande zote mbili, ambaye barua aliyoibeba ingeaminiwa na ambaye neno lake lingewatoa watu majumbani na viriba vya maji. Kuhusu kiongozi wa msafara wenyewe, Ibn Battuta anashangaa kwamba alikuwa chongo, na jicho lililobaki lilikuwa na ugonjwa, lakini hakuna aliyeijua njia kama yeye. Waswahili husema mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Hapa msafara mzima wa wenye macho uliongozwa na mtu asiyeona vizuri, nao wakafika.

Kuna mwingine ambaye hakufika. Mwanzoni wasafiri walizoea kutangulia mbele ya msafara, na palipo na malisho wakasimama kulisha wanyama. Mmoja wao, Ibn Ziri, aligombana na binamu yake, akabaki nyuma kwa hasira, akapotea. Mtu mmoja wa Massufa alijitolea kurudi kumtafuta; alizikuta nyayo zake, yeye mwenyewe asimwone. Ibn Battuta anasema tangu siku hiyo hakutangulia wala hakubaki nyuma. Mtu akisoma matangazo ya leo yanayoahidi uhuru wa jangwani amkumbuke Ibn Ziri, maana uhuru huo aliupata wote.

Tusiipake sukari historia hii. Aliporudi kaskazini mwaka 1353, Ibn Battuta alisafiri kutoka mji wa Takedda na msafara uliokuwa na watumwa wanawake wapatao 600. Ujuzi uleule wa visima na nyota, na heshima ileile ya viongozi, viliwavusha na hao, wasiokuwa na hiari. Sisi ambao njia zetu za kutoka Bagamoyo na Kilwa zilibeba misafara ya aina hiyo hatuna sababu ya kushangaa wala ya kufumba macho. Ninaposema kazi ya kiongozi ilikuwa na thamani sisemi ilikuwa safi. Nasema ilikuwa kazi halisi, yenye soko na yenye dhima, kabla hajazaliwa mtalii wa kwanza.

Upande wa Arabia mambo yalipangwa kwa utaratibu mwingine uliofikia lengo lilelile. Robo Tupu, ile bahari ya mchanga iliyoko kati ya Oman, Yemen, Falme za Kiarabu na Saudia, haikuwa tupu hata kidogo kwa waliokuwa na haki humo. Kila eneo lilikuwa na kabila lake, na mgeni alivuka eneo hilo akiwa na mwenzi wa kabila husika, au wa kabila lenye mkataba nalo, ambaye alichukua dhamana ya uhai wake. Kumshambulia mgeni ilikuwa kumvunjia heshima yule mwenzi na ukoo wake. Bertram Thomas, Mwingereza aliyekuwa waziri katika serikali ya Sultani wa Muscat, ndiye Mzungu wa kwanza kuvuka Robo Tupu. Aliondoka Salalah, kusini mwa Oman, mwezi Desemba 1930 na kufika Doha mwanzoni mwa Februari 1931. Vitabu vya Ulaya vilimpa yeye sifa. Lakini safari isingekuwapo bila Sheikh Salih bin Kalut wa kabila la Rashid, ambaye ndiye aliyekusanya watu na ngamia na ambaye jina lake lilifungua njia. Thomas alileta fedha, uvumilivu na miaka ya kujenga urafiki na makabila ya Dhofar. Kilichobaki kilitoka kwa wenyeji.

Mwingereza Wilfred Thesiger aliyemfuata miaka kumi na sita baadaye anatupa ushahidi ulio bora zaidi, kwa sababu alieleza kwa kirefu mambo yalivyoamuliwa. Alikuwa akifanya kazi na kitengo cha kupambana na nzige, na mwishoni mwa 1946 alitoka Salalah akiwa na watu wa makabila ya Bait Kathir na Rashid. Walipokaribia matuta makubwa, Bait Kathir walisita. Chakula kilikuwa kidogo, ngamia wao hawakuwa na nguvu za mchanga, na mbele malisho hayakuwa na uhakika. Wengi wao waligeuka. Thesiger aliendelea na wachache: Muhammad al-Auf na bin Kabina wa Rashid, na Musallim bin Tafl na Mabkhaut wa Bait Kathir. Kati yao ni al-Auf pekee aliyekwisha kuvuka upande ule, na yeye ndiye aliyechagua pa kuwapandisha ngamia kwenye matuta ya Uruq al-Shaiba, akitangulia kwa miguu kutafuta mahali ambapo mteremko ungewabeba. Walifika kwenye ukingo wa oasisi ya Liwa wakiwa na njaa na kiu kali. Hawakuthubutu kumwingiza Mkristo vijijini, kwa hiyo wenzake walikwenda kununua chakula huku yeye akijificha, na njiani wakirudi kupitia bara la Oman walimtaja kuwa ni mtu wa Syria. Jangwa walilokuwa wamelivuka lilikwisha kuwaachia. Kilichobaki kuwa hatari ni watu, na huko ulinzi ulikuwa ndimi za wenzake.

Safari yake ya pili inafundisha kinyume chake. Januari 1948 alivuka mchanga wa magharibi kutoka upande wa Hadhramaut hadi Sulayyil nchini Saudia, safari ndefu na ngumu, bila kibali cha Mfalme Ibn Saud. Mchanga uliwapitisha. Sulayyil wakakamatwa, wakazuiliwa, na ni Mwingereza mwingine aliyekuwa karibu na mfalme, St John Philby, aliyewaombea mpaka wakaachiwa. Wenzi wa Thesiger walikuwa wamefanya yote yaliyokuwa juu yao kwa sheria ya jangwa, lakini sasa kulikuwa na mwenye nchi mpya: serikali yenye gavana na simu ya upepo. Tangu hapo dhamana ya mwenzi wa kabila peke yake haikutosha. Nitairudia nukta hii, kwa maana ndiyo inayoamua mambo mengi katika safari za leo.

Mpinzani wa hoja yangu ana la kusema, na si dogo. Kama kiongozi ni dhamana, mbona wasafiri waliokuwa na viongozi waliuawa? Meja Alexander Gordon Laing alitoka Tripoli mwaka 1825 na kiongozi aliyelipwa vizuri. Mwanzoni mwa 1826 alishambuliwa usiku akiwa hemani, akapata majeraha zaidi ya ishirini, akajikokota hadi Timbuktu mwezi Agosti, na siku chache baada ya kuuaga mji aliuawa na sheikh aliyekuwa amekubali kumsindikiza. Kanali Paul Flatters alipelekwa na Ufaransa kupima njia ya reli ya kuvuka Sahara. Februari 1881 viongozi wake wa Kituareg walimtenga na sehemu kubwa ya msafara wake wa watu wapatao 90 kwa kumpeleka kisimani, na huko akauawa. Mifano hii inaonyesha kwamba dhamana inaweza kuvunjwa au kuuzwa, na anayeiandika historia ya viongozi kana kwamba wote walikuwa waaminifu anaandika hadithi.

Hata hivyo, tazama kilichovunjika. Katika visa vyote viwili kiongozi aliijua ardhi barabara. Flatters aliongozwa kisimani kwa usahihi wa kutisha. Kilichokosekana ni msimamo: hakuna mwenye nguvu katika nchi ile aliyeona kwamba uhai wa mgeni ni heshima yake. Watuareg wa Ahaggar hawakuwa na sababu ya kumpokea Flatters kama mgeni, kwa kuwa walielewa vema reli inaleta nini nyuma yake. Mlinganishe na Heinrich Barth, Mjerumani aliyekaa Timbuktu na viunga vyake kati ya 1853 na 1854. Alijua Kiarabu na Kihausa, alisafiri na watu wachache, na alikaa chini ya himaya ya Sheikh Ahmad al-Bakkay wa ukoo wa Kunta. Watawala wa eneo hilo waliokaa Hamdallahi walipotaka mgeni huyo akamatwe, al-Bakkay alikataa na kumlinda kwa miezi mingi mpaka alipoweza kuondoka salama. Sahara ya Barth haikuwa na upole kuliko ya Laing. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alipata mwenyeji aliyeona kumlinda mgeni ni suala la hadhi yake mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la vyombo. Miaka ya 1920 na 1930 Ralph Bagnold, mwanajeshi wa Kiingereza aliyekuwa Misri, alivuka maeneo makubwa ya jangwa la Libya kwa magari mepesi ya Ford, akiwa na dira ya jua, vyombo vya kunasa maji ya rejeta yasipotee kwa mvuke, na vipande vya chuma vya kuweka chini ya magurudumu yaliyozama. Uzoefu huo ndio uliozaa kikosi cha doria za mbali cha jeshi la Uingereza mwaka 1940. Bagnold hakuhitaji mtu wa Massufa. Mei 2000 Marekani iliondoa hitilafu iliyokuwa ikiitia kwa makusudi katika mawimbi ya satelaiti, na kuanzia hapo mtu yeyote mwenye kifaa cha mkononi aliweza kujua alipo kwa kosa la mita chache tu. Basi kwa nini kulipa kiongozi?

Jibu lilikuja miaka mitatu baada ya satelaiti kufunguliwa. Kati ya Februari na Aprili 2003, watalii 32 wa Ulaya walitoweka kusini-mashariki mwa Algeria. Wengi walikuwa wakisafiri wenyewe, kwa pikipiki na magari ya kupanda milima, bila kiongozi, na vifaa vyao vilifanya kazi sawasawa. Walikuwa wametekwa na kundi la wapiganaji. Kumi na saba walikombolewa mwezi Mei, mwanamke mmoja alifariki kwa joto, na 14 waliobaki wakaachiwa nchini Mali mwezi Agosti. Kifaa kinakuambia uko wapi. Hakikuambii nani yuko nyuma ya mlima. Baada ya tukio hilo serikali ya Algeria iliwalazimisha watalii wa kusini kusafiri kupitia kampuni za huko na viongozi wa huko, na kwa hatua hiyo ikayarudisha kwa amri ya sheria mahitaji ambayo wafanyabiashara wa Sijilmasa walikuwa wakiyatimiza kwa akili zao.

Kisa kinachoitikisa hoja yangu kweli ni cha Misri. Tarehe 13 Septemba 2015, katika Jangwa la Magharibi karibu na oasisi ya Bahariya, vikosi vya usalama vilishambulia kutoka angani kundi la watalii lililosimama kula. Watu 12 waliuawa, wanane kati yao raia wa Mexico, na wengine ni Wamisri waliokuwa wakiwaongoza. Kundi lilikuwa na viongozi. Wakubwa walisema eneo lile lilikuwa limekatazwa. Chama cha viongozi wa watalii kikajibu kwamba safari ilikuwa na kibali. Vyovyote iwavyo, wageni walikuwa na watu wanaoijua njia, na hawakusalimika. Siwezi kukipuuza kisa hiki, wala sidhani kinaupindua msingi wa hoja. Kinathibitisha kile ambacho Sulayyil ilikwisha kukionyesha mwaka 1948: mwenye nchi amebadilika, na dhamana ya kiongozi sasa haina budi kufika mpaka kwa afisa, kambi ya jeshi na rubani. Kampuni inayosema "tuna kibali" bila kueleza ni cha eneo gani, cha siku gani, na nani kwenye njia amearifiwa, imeuza nusu ya dhamana kwa bei ya nzima.

Kwetu jambo hili si geni. Misafara ya kwenda bara ililipa hongo kwa watemi wa njiani, ada iliyomfanya mpitaji kuwa mgeni badala ya kuwa windo. Count Teleki, msafiri wa Hungaria, alipotoka pwani mwaka 1887 akielekea ziwa ambalo leo tunaliita Turkana, alikuwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani aliyekwisha kusafiri na mpelelezi Joseph Thomson. Lakini msafara ulipoingia nchi kavu za kaskazini ulilazimika kutafuta wenyeji wa kuonyesha maji. Kati ya ziwa hilo na Marsabit liko jangwa la Chalbi, ambako visima vya Kalacha, Maikona na North Horr vina wenyewe, Wagabra, na mtu hatoki kimoja kwenda kingine kwa kukisia. Kwa miaka mingi, kabla lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale haijakamilika katikati ya miaka ya 2010, malori ya barabara ile yalisafiri kwa pamoja yakisindikizwa na askari. Dereva aliyekuwa akiisubiri misafara hiyo asingehitaji kuelezwa kwa nini msafiri wa 1352 alitoa dhahabu.

Ni lini basi safari ikawa bidhaa ya starehe? Thomas Cook, mfanyabiashara wa safari wa Uingereza, aliwapeleka wateja wake wa kwanza Misri na Palestina mwaka 1869, mwaka uleule mfereji wa Suez ulipofunguliwa. Walisafiri wakiwa na mahema, wapishi na tarjumani wa kikundi, na kila kitu kilikwisha kulipiwa London. Cook alifanya jambo lenye faida kubwa na hasara iliyofichika. Faida ni kwamba mtu wa kipato cha wastani, mwanamke asiye na mume, mwalimu wa shule, waliweza kufika mahali ambapo kabla yake palikuwa pa mabwana wenye barua za mabalozi. Hasara ni kwamba ratiba ilipangwa mbali, kabla mtu yeyote hajaitazama hali ya kisima. Tarjumani alibaki na kazi, ila uamuzi ulihama. Mimi naona kuhama huko ndiko kulikoanza kuifanya safari ya jangwani kuwa tamasha, kuliko ngoma na mavazi ya kukodisha tunayoyalaumu sana.

Mfano wa safari iliyonusurika ni Tassili n'Ajjer. Mwaka 1956 Mfaransa Henri Lhote alipanda huko na kundi la wachoraji kunakili michoro ya miambani iliyochorwa kwa maelfu ya miaka: ng'ombe, twiga na wapiga mishale wa zama ambazo Sahara ilikuwa na majani. Dunia ikamsifu Lhote kama mgunduzi. Aliyewapeleka ni Jebrine ag Mohamed, Mtuareg aliyezijua njia za kupandia na mapango yenyewe. Wataalamu wa Lhote, ili rangi zionekane vizuri, waliilowesha michoro kwa maji na kuidhuru. Naona kejeli katika hilo, kwamba waliokuwa na shahada ndio walioharibu na asiyekuwa nayo ndiye aliyekuwa ameitunza kwa kuiacha. Uwanda uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Hauna barabara ya gari: unapandwa kwa miguu kutoka upande wa Djanet, mizigo ikibebwa na punda, na kiongozi ni sharti. Hapo ujuzi wa kiongozi unatumika kila siku, katika kuchagua pango la kulala, dimbwi lililobaki na maji, na mchoro usiofaa kuguswa. Safari ya wiki moja ya namna hiyo naiona inastahili gharama yake hata ikiwa ghali.

Linganisha na Erg Chebbi, matuta ya Merzouga. Ni mazuri, hilo halina ubishi. Lakini upana wake haufiki kilomita kumi, na ngamia hutembea kilomita nne au tano kwa saa. Maana yake kikundi kinachotoka alasiri na kulala kambini hakijatoka mbali na barabara ya lami, na kikundi cha siku tatu kisipotafuta nchi nyingine kitazunguka palepale, kikipishana na vikundi vingine vinavyozunguka. Kiongozi anayeongoza mzunguko huo anaweza kuwa mtoto wa wafugaji mwenye kujua mengi, ila hakuna swali ambalo safari inamwuliza. Maji yaliletwa na gari. Uamuzi wake mkubwa ni mahali pa kusimama ili jua litoke vizuri kwenye picha. Anayekwenda kwa ajili ya picha hajadhulumiwa. Amenunua picha, na usiku mmoja unamtosha. Siku zikiongezwa bila umbali na bila maamuzi, kinachoongezeka ni bili.

Wapo watakaosema kwamba hata Tassili na hata Robo Tupu ni mchezo wa wenye fedha, kwamba Mbedui anayelipwa kuwa Mbedui ameshakuwa mwigizaji. Hoja hii inadhani kulikuwa na wakati safi ambapo jangwa halikuwa na soko. Haukuwapo. Mtu wa Massufa alidai mithkali 100. Wenzi wa Thesiger walilipwa kwa riyali za Maria Theresa, fedha ileile ambayo babu zetu wa Unguja na Lamu waliipokea dukani. Bin Kabina alimpenda Thesiger, na alipokea ujira. Hayo mawili hayakugombana. Isitoshe, ukame mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ule wa katikati ya miaka ya 1980 uliua mifugo ya Watuareg kwa wingi, na kazi ya kuongoza watalii ikawa miongoni mwa kazi chache zilizolipa kwa ujuzi waliobaki nao. Ndege za watalii zilipoacha kutua Agadez nchini Niger kwa sababu ya maasi na utekaji, waliopoteza ni wenye ngamia, wapishi na viongozi, na vijana wao wakageukia kuendesha magari ya wahamiaji kuelekea Libya. Anayeona aibu kumlipa kiongozi ajiulize anataka ujuzi ule ulipwe na nani.

Linabaki jambo la wale Bait Kathir waliogeuka mwaka 1946. Masimulizi ya safari ile huwaacha nyuma kama waliokosa moyo, na ni rahisi kumfuata Thesiger katika hilo kwa kuwa yeye alifika. Lakini waliwatazama ngamia wao, wakahesabu unga, wakasema haiwezekani, na kwa ngamia wale pengine walisema kweli. Waliruhusiwa kusema, wakarudi makwao wakiwa hai. Katika mikataba mingi ya leo kiongozi hana nafasi hiyo: siku ya pili ni kambi fulani, ya tatu ni kisima fulani, na akisema upepo wa leo si wa kutembea anapoteza malipo na mteja anaandika malalamiko. Kabla ya kuuliza kama hema lina bafu, mnunuzi angeuliza kwanza kama kiongozi akisema leo hatutoki, ujira wake wa siku hiyo utalipwa.